Sauti Iliyobaki Darasani

Jumatatu moja ya Mei, mwaka 1956, Mwalimu Ephantus Mathenge alipata pancha karibu na kivuko cha reli, akasukuma baiskeli yake hadi shuleni, na alipofika alikuta ameshaanza kufundisha.

Alisimama nje ya dirisha la darasa la nane na kujisikiliza. Mbele ya ubao hapakuwa na mtu. Chaki ilikuwa kwenye kisanduku chake, fimbo ilikuwa juu ya meza, kiti kilikuwa kitupu. Lakini sauti ilikuwa yake, ile ya puani aliyoiazima chuoni kwa mmishonari mmoja wa Kiskoti na asiirudishe, na ilikuwa inawakaririsha watoto vitenzi vya Kiingereza kama kila Jumatatu. Ilipofika mahali pa kukohoa, ilikohoa. Ilipofika mahali pa mzaha, ilitoa mzaha ule wa mpishi na yai bovu, na watoto wakacheka pale walipozoea kucheka.

Mathenge aliingia, akafungua mdomo awaulize ni nani aliyewaruhusu kuanza bila yeye. Hakikutoka kitu. Kiingereza hakikuwepo. Alijaribu Kiswahili, nacho hakikuwepo. Alikitafuta Kikuyu, alichokinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, akakuta hata hicho kimeondoka. Maneno ya watu wengine yalimfikia kama changarawe inayomwagwa juu ya mabati. Watoto walisimama kwa adabu, wakamwamkia, wakakaa. Sauti ikawaambia waendelee na zoezi.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kueleweka. Mathenge alikuwa amefundisha katika chumba kile tangu kilipojengwa, masomo yale yale, kwa maneno yale yale, na kuta za mawe husikia kama zinavyosikia kuta nyingine zote. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amemfokea msichana mmoja kwa nguvu ambazo hata mwenyewe hakujua kwamba anazo. Kisha wingu likatanda upande wa Menengai, akafunga mlango haraka na kuwahi nyumbani kabla ya mvua. Sauti ilibaki ndani.

Kilichomfanya afoke ni kibao. Kilikuwa kipande cha mti wa mwerezi, chenye kamba, ambacho Mathenge alikichonga kwa mkono wake na kuandika juu yake, kwa Kiingereza safi, kwamba anayekivaa ni punda. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao ndani ya ua wa shule alivishwa shingoni. Kukivua kulikuwa na njia moja tu: kumnasa mwenzako akisema ya kwao, na kumvisha yeye. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Mathenge aliupenda sana mpango huu kwa sababu haukumhitaji mwalimu kusikiliza. Watoto walisikilizana wenyewe, kwenye mfereji, nyuma ya jiko, chooni, na waliokuwa marafiki Jumatatu walikuwa maaskari wa kuchungana Jumanne.

Msichana aliyefokewa aliitwa Truphosa Nekoye, binti wa Khaemba, mchochea makaa wa gari moshi. Kiingereza alikijua kuliko wote. Ila akiona watoto wadogo wa nyumba za reli hawakuelewa somo, aliwaeleza kwa Kibukusu hadi waelewe. Basi kibao kilimfikia, na kikishamfikia kilikaa, kwani Truphosa hakumnasa mtu hata siku moja. Alichapwa, akaenda nacho nyumbani, akarudi nacho asubuhi. Mathenge aliona ule ni ukaidi, tena wa kumdhalilisha yeye. Ijumaa ile alimsimamisha na kumtangazia kanuni mpya: atakayekuwa na kibao shingoni siku ya kufunga muhula hataandikishwa kwa mtihani wa darasa la nane.

Truphosa alitaka kuwa nesi. Baba yake alikuwa ameshakata kauli kwamba asipofanya mtihani ataenda kwa shangazi yake Dundori, kuchuma pareto katika shamba la Mzungu, na huko atapata mume, na habari za shule zitakuwa zimekwisha.

Mwalimu mkuu, Bwana Hiram, mtu wa tai na nywele za kupasuliwa njia, aliitwa aje aone. Alisimama mlangoni akasikiliza somo hadi likaisha, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa shida iko wapi?" aliuliza. "Mwalimu si anafundisha?"

"Shida ni huyu, sa," alisema kiranja, kijana mrefu aliyeitwa Wamalwa, akimwonyesha Mathenge. "Huyu hajui kitu."

"Hajui Kiingereza?"

"Hata kidogo, sa."

"Basi huyo ni mwanafunzi. Mtafutieni mahali akae."

Mahali palipokuwa wazi ni kando ya Truphosa, kwa sababu hakuna aliyependa kukaa karibu na kibao. Mathenge alikaa. Dawati lilimbana magoti. Jioni ile mkewe, Wariara, alimkatia suruali, maana wanafunzi hawakuruhusiwa suruali ndefu, na vile vipande vilivyobaki akavishonea viraka vya nguo za watoto. Majirani walimuuliza kwa nini hamfundishi mumewe walau Kikuyu.

"Mimi sikusoma," alisema Wariara. "Na ni yeye aliniambia hivyo, kila siku, kwa hii meza. Wacha afundishwe na waliosoma. Angalau sasa anakula chakula bila kukisahihisha."

Maisha ya mwanafunzi Mathenge hayakuwa ya raha. Sauti ilimjua kwa jina. Ilimwita asimame, ikamuuliza swali, na yeye akasimama pale na magoti yake nje. Sauti ikasubiri kidogo, si ili ajibu, bali ili wengine wapate nafasi ya kumtazama. Hiyo ilikuwa mbinu yake mwenyewe, na aliitambua kama mtu anavyotambua koti lake mgongoni mwa mwizi. Kisha sauti ikasema neno lake la dhihaka la siku zote, na darasa likaangua kicheko. Mathenge hakujua wanacheka nini. Alijua tu kwamba ni yeye. Masikio yalimwaka moto, na yakaendelea kuwaka hadi saa ya chakula. Sauti ilihukumu na Wamalwa akachapa, na siku zile mikono ya kuchapa haikukosekana shuleni.

Aliyemfanya aanze kusema ni Truphosa. Siku ya tatu au ya nne hivi, wakati wa mapumziko, alikaa naye juu ya jiwe nyuma ya jiko, akamnyooshea mkono, akasema, "Mulembe." Akasubiri. Mathenge alijaribu, likatoka kombo. Truphosa hakucheka, wala hakumsahihisha. Alilirudia tu neno, kama mtu anayemsalimia mgeni asiyesikia vizuri, akasubiri tena. Mathenge alikuwa amefundisha miaka mingi na hakuwa amewahi kuona mtu akisubiri namna ile. Lilipotoka sawasawa, machozi yalimtoka pamoja nalo, na Truphosa akaangalia pembeni ili amwache alie.

Baada ya mulembe likaja neno la maji, na la moto, na la njaa. Jioni alifuatana naye hadi nyumba za reli, ambako Khaemba alikuwa akioga masizi katika karai mbele ya mlango. Mwaka uliotangulia Mathenge alimwita Khaemba shuleni na kumwambia kwamba lugha inayosemwa nyumbani kwake ndiyo inayomharibu mtoto. Khaemba alilikumbuka neno lile vizuri.

"Karibu, Mwalimu," alimwambia kwa Kibukusu, polepole. "Kaa. Njoo tukuharibu kidogo."

Akapewa ugali na mrenda, na kila alichokishika kikatajwa jina. Kufikia Julai alikuwa anaongea. Alikosea, akachanganya, akawachekesha wake wa wachochea makaa, lakini aliongea. Na kwa vile huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ambapo Mkikuyu hakuvuka barabara bila kibali, askari wa kizuizi cha barabarani walizoea kumsikia akisalimia mulembe na kumpungia mkono apite, huku Wakikuyu wenzake wamechuchumaa kando wakisubiri kupekuliwa. Mathenge alipita akiinamisha kichwa. Darasani, kwa muhula mzima wa kusikiliza masomo yake mwenyewe, hakuwa amejifunza hata sentensi moja ya Kiingereza.

Kibao kilimpata wiki ya kufunga muhula. Wamalwa alimsikia akiuliza kwa Kibukusu kama kengele imeshalia, akamvisha. Mathenge aliuona uzito wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekichonga kinene makusudi ili kisivunjike, na kilimgonga kifuani kila alipopiga hatua. Akajikuta anafanya vile watoto wote hufanya: anatembea ukingoni mwa ua bila sababu, ametega masikio, anasimama karibu na watu wanaonong'ona. Hakuna aliyemfundisha. Kibao chenyewe kilimwongoza.

Nyuma ya vyoo alimkuta mtoto wa darasa la kwanza, Wamuyu, ambaye nyumba za kwao zilikuwa zimebomolewa mwezi ule ule na watu wake wakahamishiwa kijiji chenye uzio wa miti iliyochongwa ncha. Alikuwa ameketi chini analia, na katika kulia akasema, "Maitu." Kwa Kikuyu maana yake ni mama. Lilikuwa neno la kwanza ambalo Mathenge mwenyewe alipata kulisema duniani. Hakulielewa. Alitambua tu kwamba si Kiingereza, na kanuni haikudai zaidi ya hapo.

Alikivua kibao akamvisha.

Kifua chake kikawa chepesi. Alirudi darasani karibu anapiga mluzi, na alipofika mlangoni aibu ikamkamata kiasi kwamba hakuweza kuingia. Alisimama pale akiwa ameushika mwimo wa mlango. Hakuna aliyemlaumu, maana kanuni ilikuwa yake, na alikuwa ameifuata vizuri kuliko wengi.

Alipogeuka kwenda kumvua yule mtoto alikuta amechelewa. Truphosa alikuwa amemsikia Wamuyu akilia, akaenda akampakata, akambembeleza kwa Kibukusu, kwa kuwa mtoto anayelia hivyo hasikilizi maana. Na Wamuyu, ambaye alikuwa ameelezwa kanuni na wenzake kabla hata ya kuonyeshwa choo, alifuta makamasi, akakivua kibao, akamvisha Truphosa. Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga muhula.

Mathenge alimwendea Truphosa alasiri ile, kando ya reli. Alisimama mbele yake akaanza kusema Kibukusu kwa sauti kubwa, chochote kilichomjia: mulembe, maji, moto, njaa, bibi yako ni mzima, ng'ombe wamekula nini.

"Nimenaswa," alisema. "Umenisikia. Nivishe."

"Siwezi, Mwalimu."

"Nivishe, Truphosa! Kesho watakufuta jina."

"Nikikunasa wewe leo, hutasema tena neno kesho," alisema Truphosa. "Wewe bado unajifunza. Mtu anayejifunza hanaswi."

Aliyasema hayo bila ushujaa wowote. Alikuwa anaogopa, na mikono yake ilikuwa inachezea kamba ya kibao. Mathenge akakishika ili akivue kwa nguvu, akaacha, kwa sababu kibao kilichochukuliwa kwa nguvu hurudishwa kwa mwenyewe, na aliyeweka sharti hilo anajulikana.

Alikimbia hadi ofisi ya Bwana Hiram na kumweleza yote kwa Kibukusu. Bwana Hiram alimsikiliza akiwa ameinamia saa yake.

"Sielewi," alisema. "Ukiwa na maneno, lete kwa Kiingereza. Hapa ni shule."

Kwa hiyo Mathenge alirudi relini, akamwomba Truphosa amfundishe sentensi moja ya Kiingereza. Ilikuwa inasema hivi: kosa ni langu, msimwadhibu yeye. Truphosa hakuuliza huyo yeye ni nani. Walikaa juu ya mataruma ya akiba hadi jua likazama, yeye akiitamka na kusubiri, Mathenge akiitamka na kukosea, treni za mizigo zikipita na kuwakatiza. Nyumbani, Wariara alimsikia akiikariri kitandani, akamgeuzia mgongo.

Siku ya kufunga, shule nzima ilipangwa mistari uani, mbele ya madirisha ya darasa la nane, ambayo yalifunguliwa ili Mwalimu Mathenge naye ashiriki. Alikuwepo Bwana Mkaguzi, Mzungu mwekundu aliyekuja na gari lenye vumbi la Solai. Sauti ilimkaribisha kwa hotuba ndefu iliyomfurahisha. Alitaka kumpa mwalimu mkono, akaelezwa kwamba mkono uko kwingine, akasema si neno. Kisha Bwana Hiram akaita mwenye kibao atoke mbele, na Truphosa akatoka.

Mathenge alitoka kwenye mstari bila kuitwa. Alisimama kando ya Truphosa na kaptula yake, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, akaisema ile sentensi.

Watoto walicheka. Ilikuwa imetoka na Kibukusu chote cha nyumba za reli, maana ndicho alichokuwa nacho mdomoni. Dirishani sauti ilikohoa, ikamsahihisha neno la kwanza, ikamwagiza arudie.

Mathenge alirudia. Kosa ni langu, msimwadhibu yeye. Sauti ikamsahihisha neno la mwisho.

Alirudia tena. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye soksi. Sauti ikamwambia anyooshe mgongo, na asizungumze kama mtu aliyeweka kiazi mdomoni, na watoto wakacheka tena, Wamalwa kuliko wote. Alitazama dirisha lile tupu na akatamani kulipiga jiwe. Badala yake akarudia. Bwana Mkaguzi alikuwa amesogeza kiti mbele, anafuata kwa makini.

Mwishowe sentensi ilitoka safi. Haikuwa na doa. Ilitoka puani kabisa, kama ya yule Mskoti.

"Vizuri," sauti ilisema. "Kaa chini."

Bwana Mkaguzi alipiga makofi. Alisema, na Bwana Hiram akatafsiri kwa ajili ya wazazi, kwamba hajaona maendeleo kama haya katika shule yoyote ya jimbo. Mtu aliyeingia mwezi wa tano bila neno hata moja sasa anazungumza kama mzaliwa wa Uingereza. Ikiwa kuna aliyekuwa na wasiwasi juu ya faida ya kibao, alisema, basi na amtazame mzee huyu. Khaemba, aliyekuwa amesimama na wazazi wengine katika koti lake la Jumapili, alitazama chini. Hakuna aliyeuliza sentensi yenyewe ilikuwa inasema nini.

Kisha jina la Truphosa likafutwa, kama ilivyopangwa.

Alipanda lori la viazi lililokuwa linarudi tupu Dundori wiki ile ile. Sauti ya Mwalimu Mathenge ilipewa cheti cha utumishi bora, kikapigiliwa msumari ukutani, mahali ambapo ingeweza kukisikia. Mshahara alikuwa akipokea Wariara, ambaye alisema hajawahi kuwa na mume mwenye faida kama huyu.

Muhula wa tatu ulifunguliwa na Mathenge akarudi dawatini. Wadogo wa nyumba za reli hawakuwa tena na wa kuwaeleza masomo, basi akawaeleza yeye, nyuma ya jiko, kwa Kibukusu, na kila alipomaliza kusema neno alisubiri. Kibao kilimfikia siku ya pili, naye hakukitoa tena. Alichapwa na Wamalwa kila jioni, akaenda nacho nyumbani, akarudi nacho asubuhi. Wiki zikapita. Watoto wakaanza kusema ya kwao uani bila kuangalia nyuma, kwa kuwa punda alikuwa mmoja na alijulikana. Wamuyu alicheka, mara ya kwanza tangu afike, na alicheka kwa Kikuyu.

Bwana Hiram aliliona hilo dirishani mwake, akaita seremala. Kibao cha pili kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza. Kilipigwa msasa na kupakwa vanishi, na kilikuwa chepesi, ili hata wa darasa la kwanza waweze kukibeba siku nzima.

Jumapili Mathenge alipanda baiskeli hadi Dundori, akamkuta Truphosa mwisho wa mstari wa pareto, kikapu kiunoni, vidole vimechubuka kwa maua. Walikaa ukingoni mwa shamba. Alimletea sukari na salamu za nyumbani, na Truphosa akamfundisha majina ya mimea ya huko juu, ambayo hakuwa bado anayajua.

"Kibao kiko na nani sasa?" Truphosa aliuliza.

"Kiko na mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue. Sikumpa mtu."

Truphosa alitabasamu. Lilikuwa tabasamu zima, la mtoto, na Mathenge hakuwa ameliona hata mara moja miaka yote aliyomfundisha. Aliinama akang'oa jani, akauliza linaitwaje. Habari ya kibao cha pili hakumwambia, ingawa maneno yake sasa alikuwa nayo yote.